Injini Ipi Ifaayo kwa Pikapu ya Mlimani?

Askari anapostaafu, mambo mawili humjia kwanza akilini: nyumba ya kukaa na chombo cha kumpatia riziki. Katika wilaya ya Kasese chombo hicho mara nyingi ni pikapu. Twayasema haya kwa sababu, tulipokuwa katika ziara ya kuitembelea nchi ya Bukonzo, tulimkuta huko Kyondo sajini mmoja mstaafu ambaye pikapu yake ilikuwa imesimama uani juu ya magogo, boneti wazi, injini imekufa. Sehemu ya kiinua mgongo chake ilikuwa bado benki, na swali lililomkabili ndilo linalowakabili wengi miongoni mwa wasomaji wetu wa jeshi na polisi: je, anunue injini gani?

Swali hilo si dogo hata kidogo. Mtu asiyeijua Kyondo aweza kudhani kwamba gari ni gari tu, na kwamba injini itoshayo mjini Kasese itatosha popote. Lakini barabara kuu ya lami iendayo Bwera na Mpondwe hupita katika tambarare yenye joto kali, na mtu akiiacha kwa upande wa Kisinga huanza mara moja kupanda miteremko ya Ruwenzori. Huko juu ndiko kunakolimwa kahawa ya arabika, na kahawa haishuki yenyewe. Sementi, mabati na chumvi ya Katwe navyo havipandi vyenyewe. Aidha, pikapu ya sajini ndiyo iliyokuwa ikigongewa hodi usiku, mama mjamzito alipozidiwa au mtoto aliposhikwa na homa, ili mgonjwa ateremshwe hospitali ya Kagando. Kwa majuma matatu ambayo gari lilikuwa limesimama, wagonjwa wa kijiji kile waliteremshwa kwa machela, mabegani mwa vijana. Kwa hiyo haikuwa fedha ya sajini peke yake iliyokuwa hatarini.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux ya miaka ya mwanzo ya 1990, yenye magurudumu manne ya kuvuta na injini ya dizeli iitwayo 2L. Injini hiyo ina silinda nne na ujazo wa sentimeta za ujazo 2,446, na nguvu zake ni za farasi wapatao 80. Tulimwuliza sajini jinsi ilivyokufa. Alicheka kwa uchungu, akatuonyesha mfuniko wa rejeta ambao springi yake ilikuwa imelegea kwa kutu.

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana wengi hawalijui jambo hili. Maji huchemka kwa nyuzi 100 kando ya bahari. Katika mwinuko wa mita 2,000 huchemka kwa nyuzi 93 hivi, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi na haiyakandamizi sana. Kazi ya mfuniko wa rejeta si kuzuia maji yasimwagike tu. Kazi yake kubwa ni kuyashikilia maji kwa mkandamizo, hata yaweze kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Springi ikilegea, ulinzi huo hutoweka, na gari lililobeba magunia ya sementi kwa gia ya kwanza huchemsha maji katikati ya kilima. Dereva wa sajini aliiona mishale ya joto ikipanda, akasema atasimama akifika juu. Hakufika juu. Silinda hedi ilipasuka, pistoni mbili zikashika, na kazi ikaishia hapo.

Basi watu wakaanza kumpa sajini ushauri. Tulikuwepo siku moja ambapo washauri wote walikutana chini ya mwembe, nasi tukasikiliza.

Wa kwanza kusema alikuwa mwanawe, kijana wa miaka ishirini na kitu, ambaye moyo wake ulikuwa katika mashine za mbio. Yeye alitaka injini ya petroli ya silinda nane, 1UZ-FE, iliyoanza kutiwa katika gari la Lexus LS 400 mwaka 1989. Au ikikosekana hiyo, 2JZ-GTE ya silinda sita yenye turbo mbili, ambayo vijana wa mashindano ya magari wa Afrika Mashariki huitaja kama watu wa zamani walivyotaja majina ya farasi. “Baba,” alisema, “ile ya silinda nane ina nguvu za farasi 250. Kilima hiki utakipanda kwa gia ya tatu.”

Hatukupenda kumcheka kijana, kwa maana asemalo lina msingi. Katika nchi ya Marekani kubadili injini ya pikapu kwa injini yenye nguvu zaidi ni desturi ya miaka mingi. Kampuni ya Chevrolet ilianza kutengeneza injini zake ndogo za silinda nane mwaka 1955, na ile ya lita 5.7 iliyotoka mwaka 1967 imetiwa katika magari yasiyohesabika. Mtu aweza kuinunua mpya, ikiwa imefungwa sandukuni pamoja na dhamana yake. Lakini desturi hiyo ilikulia katika nchi ya barabara pana, ambako kila mji una duka la vipuri vya injini hiyo. Mambo hayo hayasafiri pamoja na injini inapopakiwa melini.

Tena kuna jambo la maumbile ya injini zenyewe. Nguvu za farasi zinazoandikwa kwenye karatasi hupatikana injini inapozunguka kwa kasi kubwa. Injini ya petroli ya mbio hutoa ubora wake ikiwa imepita mizunguko 4,000 kwa dakika. Gari lenye kilo 800 za kahawa kwenye njia ya mawe haliendi hivyo. Lahitaji nguvu ya kuvuta katika mizunguko ya chini, karibu 2,000, na hapo ndipo dizeli ilipo bwana. Mwenye kununua injini kwa kusoma nguvu za farasi peke yake ni kama ofisa anayechagua mbeba mizigo kwa kutazama nani ashindaye mbio za mita 100.

Mshauri wa pili alikuwa askari polisi mstaafu kutoka Bwera, mtu wa makamo na mwenye maneno machache. Yeye alipendekeza 1KZ-TE, dizeli ya silinda nne na ujazo wa 2,982, yenye turbo, iliyoanza kuonekana mwaka 1993 katika magari ya Prado na Surf. Nguvu zake ni za farasi 125 hadi 130, na nguvu yake ya kuvuta yazidi ile ya 2L kwa mbali sana. Hoja yake ilikuwa nzuri, nasi twakiri kwamba ilitutikisa. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, na hewa ya mlimani ni haba. Katika mwinuko wa mita 1,000, ambao ni kama mwinuko wa mji wa Kasese, injini hiyo imekwisha kupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Katika mita 2,000 imepoteza karibu sehemu moja katika tano. Turbo nayo ni gurudumu dogo linalozungushwa na moshi wa ekzosi ili lisukume hewa ndani ya silinda kwa nguvu. Kwa hiyo upungufu wa hewa mlimani haulisumbui sana.

“Afande,” aliendelea yule polisi akimwambia sajini, “mlima unakunyang’anya pumzi. Turbo inakurudishia.”

Sajini alinyamaza kwa muda, kisha akamgeukia fundi. Fundi huyu wa Bwera ni mtu ambaye mikono yake imefungua injini tangu utotoni, naye hakuwa na haraka ya kujibu. Aliuliza kwanza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: rejeta ni ya ukubwa gani? Kisha akaeleza. Bloku ya 1KZ ni ya chuma cha kalibu, bali silinda hedi yake ni ya aluminiamu. Vitu hivi viwili havipanuki kwa kiasi kimoja vinapopata joto. Injini hiyo ikitunzwa maji yake, hudumu miaka mingi. Ikichemka mara moja tu, hedi hupasuka, na bei ya hedi moja yaweza kukaribia bei ya injini nzima ya mtumba ya aina nyingine. Pili, haikubali giaboksi ya 2L. Lazima ije na giaboksi yake, na vishikizo vya injini katika chesisi vikatwe na kuchomelewa upya. Tatu, pampu yake ya dizeli huongozwa kwa umeme, na bila waya zake zote na kisanduku chake cha kompyuta haiwaki.

“Waya mmoja ukilika na panya,” alisema fundi, “sina mashine ya kuutafuta. Nitautafuta kwa macho.”

Hapo sajini aliuliza swali ambalo kwa maoni yetu ndilo lililomaliza shauri: “Gari likizima saa nane ya usiku, mgonjwa yuko nyuma, tuko katikati ya Kyondo na Kagando, nani atautafuta huo waya kwa macho?”

Kuna waliotaja pia injini za siku za karibuni, 2KD na 1KD, ambazo hupuliza dizeli ndani ya silinda kwa mkandamizo unaozidi ule wa hewa zaidi ya mara elfu moja. Ni injini bora, zenye nguvu na zisizokula mafuta mengi. Lakini noseli zake zina matundu membamba mno, na dizeli yenye maji, au iliyochanganywa na mafuta ya taa na wauzaji wasio waaminifu, huziharibu upesi. Mtu anunuaye dizeli katika vituo vikubwa pekee aweza kuifikiria. Mtu ambaye mara nyingine hulazimika kununua dizeli ya madumu asiifikirie.

Wasomaji wetu askari huenda wakakumbuka vita vya Chad mwaka 1987, ambavyo ulimwengu uliviita Vita vya Toyota. Majeshi ya Chad, yakiwa katika pikapu za Land Cruiser na Hilux zilizofungwa makombora, yaliyashinda majeshi ya Libya yaliyokuwa na vifaru, huko Fada na Ouadi Doum. Pikapu zile hazikuwa na injini za mbio. Zilikuwa na injini za kawaida ambazo dereva aliweza kuzitengeneza jangwani, na wepesi wake ndio uliokuwa silaha. Twalitaja jambo hili kwa sababu polisi na wanajeshi wengi huzoea kuendesha Land Cruiser ya kazini yenye injini ya 1HZ, silinda sita, ujazo wa 4,164, kisha wakistaafu hutamani kuitia injini hiyo katika Hilux zao. Injini ile ni ndefu na nzito. Katika Hilux huibana rejeta mbele na kuzikandamiza springi, na usukani huwa mzito kama mlango wa ghala.

Shauri lililobaki lilikuwa la fundi mwenyewe: injini ya 5L. Hii ni ndugu wa 2L kwa ukoo mmoja, ila imekuzwa hadi ujazo wa 2,986. Haina turbo wala kompyuta. Hukaa juu ya vishikizo vilevile, hushika giaboksi ileile, na pampu yake fundi aijua kwa kuigusa gizani. Nguvu zake ni za farasi wapatao 95. Ukitoa ile sehemu moja ya tano inayochukuliwa na mlima, hubakia karibu 76. Yaani 5L katika kilele cha safari ya sajini ina karibu nguvu zilezile ambazo 2L ilikuwa nazo ikiwa kando ya bahari. Je, faida hiyo yatosha? Tuseme kweli: haitoshi kumridhisha kijana, na haikumridhisha sajini pia. Alikuwa amechoka kupanda kwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu atembeaye.

Ndipo fundi alipotoa jambo lililotufurahisha kuliko yote. Aliingia chini ya gari, akapangusa tope kwenye difu, akahesabu mizunguko ya shafti kwa chaki, akatoka na kusema kwamba difu ile ni ya uwiano wa 4.1, yaani shafti huzunguka mara nne na kidogo ili gurudumu lizunguke mara moja. Hilux nyingine zilitoka kiwandani na difu za 4.556. Ukibadilisha ya kwanza kwa ya pili, kila gia hupata nyongeza ya nguvu ya kuvuta ya asilimia 11, pasipo injini kuongezewa hata farasi mmoja. Hasara yake ni kwamba kwenye lami injini itazunguka kwa kasi zaidi kwa asilimia hiyohiyo, kelele itazidi, na mwendo wa mwisho utapungua. Sajini alisema hana miadi na mtu yeyote kwenye lami. Lakini kwa kuwa gari huvuta kwa magurudumu manne, difu ya mbele na ya nyuma lazima zibadilishwe kwa pamoja na ziwe na uwiano mmoja. Atakayebadili moja tu atavunja giaboksi siku atakapoingiza gia ya magurudumu manne.

Tukaja kwenye breki. Tungependa kila mwenye kutamani nguvu alisome fungu hili mara mbili. Gari linaloongeza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 85 kwa saa halikuongeza nusu ya kazi ya breki, limeiongeza maradufu. Na kutoka Kyondo, safari yenye mzigo mzito wa kahawa na wagonjwa ni ya kushuka, si ya kupanda. Injini ya farasi 250 katika gari lenye breki za farasi 80 itafika juu kwa haraka, lakini kuna kurudi. Breki zinazoshikiliwa kwa mteremko mrefu hupata joto hata mafuta yake yakachemka, na mguu ukakanyaga hewa tupu. Askari wa barabarani waliokwisha kuyaona magari yaliyopinduka katika miteremko hawahitaji kuelezwa zaidi. Sajini aliamua kwamba sehemu ya fedha zake itanunua viatu vipya vya breki, mipira ya silinda za breki na mafuta mapya, kabla ya injini kuguswa.

Kuhusu ununuzi. Injini nyingi za mtumba hutoka Japani au hupitia Dubai, na hupatikana Kampala, hasa katika maduka ya upande wa Kisekka. Mwenzake sajini katika kikosi aliwahi kununua injini katika mji mkuu kwa kuitazama tu, kwa sababu ilikuwa imeoshwa ikang’aa. Alipoifikisha nyumbani na kufungua mfuniko wa mafuta, alikuta mafuta meupe kama chai ya maziwa: maji yalikuwa yameingia ndani. Muuzaji alikana kwamba aliwahi kumwona. Kwa hiyo sajini alikwenda na fundi wake, na fundi alikwenda na geji yake. Injini ya ukoo wa L iliyo nzima yatakiwa kuonyesha mkandamizo wa paundi 450 hivi kwa inchi ya mraba katika kila silinda. Ikishuka chini ya 285, imechoka. Na hata zikiwa juu, silinda zikitofautiana kwa zaidi ya paundi 70, ina kasoro. Waliipima ya kwanza, wakaiacha. Waliipima ya pili, silinda ya tatu ikaonyesha upungufu, wakaiacha, ingawa muuzaji alipandisha sauti. Ya tatu ilisoma vizuri zote nne. Na hata hiyo, fundi hakuifunga kabla ya kubadili mkanda wa taimingi, kwa maana mkanda huo wapaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na hakuna ajuaye injini ya mtumba imekwenda ngapi. Mkanda ukikatika katika dizeli hii, valvu hugongana na pistoni.

Kuna jambo ambalo sajini alilitazama kabla ya geji, kwa sababu ya kazi aliyoifanya zamani: namba ya injini iliyopigwa kwenye bloku. Namba iliyosuguliwa kwa tupa, au iliyopigwa upya kwa herufi zilizopinda, ni dalili ya injini iliyotoka katika gari la wizi. Katika wilaya ya mpakani kama Kasese, ambako mtu akivuka Mpondwe kwenda Kasindi hubadili hata upande wa barabara, magari na vipande vya magari huvuka pia. Askari anayenunua kipande cha wizi hana pa kujificha. Sajini alidai risiti yenye namba ya injini, na jina la muuzaji likaandikwa kwa ukamilifu.

Kazi ya kufunga ilichukua siku sita, pamoja na rejeta mpya yenye safu tatu na mfuniko mpya ambao bei yake, tukiilinganisha na hasara iliyoletwa na ule wa zamani, haistahili hata kutajwa. Siku ya saba gari lilipakiwa magunia ya mchanga kilo 800, na fundi akaliendesha mwenyewe kutoka Kisinga, sajini kando yake, nasi nyuma juu ya magunia. Lilipanda kwa gia ya pili mahali palipokuwa pa gia ya kwanza. Mahali pawili palipo na mawe lilirudi gia ya kwanza, na fundi hakuona haya. Mshale wa joto ulikaa katikati njia nzima. Kijana, aliyetufuata kwa pikipiki, alitufikia juu akakiri kwamba sauti yake si mbaya.

Asubuhi iliyofuata tulimkuta sajini amevaa koti, anajitayarisha kwenda Kasese kushughulikia kadi ya gari, kwa sababu kadi ilikuwa ingali na namba ya injini iliyokufa. Tulidhani atatuchukua kwa pikapu. Alikataa. Jaribio la fundi, alisema, ni jambo moja. Kutembeza barabarani gari ambalo namba zake hazilingani na karatasi zake ni jambo jingine, na yeye mwenyewe alipata kuwakamata watu kwa kosa hilo. Tuliteremka naye kwa miguu hadi barabarani, tukangoja teksi.